Mahali pa Kuwasimamisha Wageni: Kumbukumbu za Karatu na Ngorongoro

Kujenga kivutio kipya cha wageni, kiwe makumbusho, kijiji cha utamaduni au bustani kubwa ya burudani na mafunzo, huanza na kuchagua eneo. Michoro, fedha na matangazo hufuata. Katika wilaya za Karatu na Ngorongoro suala hili limepata uzito mpya tangu mwaka 2018, UNESCO ilipoitambua Ngorongoro-Lengai kuwa jiopaki ya dunia, yaani eneo la urithi wa kijiolojia, ya kwanza kusini mwa Jangwa la Sahara. Jiopaki hiyo inagusa wilaya tatu, Ngorongoro, Karatu na Monduli, na ndani yake mna Kreta ya Ngorongoro, volkano hai ya Oldoinyo Lengai, Bonde la Olduvai na nyayo za Laetoli. Eneo kubwa namna hiyo linahitaji mahali pamoja ambapo mgeni ataelezwa anachokwenda kukiona. Uamuzi wa kuweka makumbusho ya jiolojia mjini Karatu, kwa ufadhili wa China, ndio ulioamsha kumbukumbu zinazofuata. Ni za mwandishi aliyekulia Karatu, akafanya kazi pande zote mbili za geti la Lodoare, akashuhudia maeneo yakichaguliwa kwa busara na mengine yakichaguliwa kwa pupa.

Geti hilo ndilo mpaka wa mambo mengi. Juu yake ni Hifadhi ya Ngorongoro, iliyotengwa na Serengeti mwaka 1959 ili wanyamapori na wafugaji waishi pamoja, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 8,300. Kilimo kilikatazwa humo mwaka 1975. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na kuta zake hushuka kama mita 600 hadi sakafuni. Chini ya geti ni Karatu: mashamba ya mahindi, ngwara, mbaazi na ngano ya Wairaqw, kahawa kwenye miteremko ya Oldeani, vitunguu vya Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi, na mji uliojipanga kando ya barabara kuu. Katikati ya pande hizi mbili umesimama msitu wa nyanda za juu, na chemchemi zinazotoka kwenye msitu huo ndizo zinazonyweshea vijiji vingi vilivyo chini yake.

Kumbukumbu za mwanzo ni za barabara. Kabla ya lami, safari ya kutoka Makuyuni kupitia Mto wa Mbu na kupanda ukuta wa Bonde la Ufa ilikuwa ya vumbi jekundu wakati wa kiangazi na ya tope linaloteleza wakati wa masika. Magari ya watalii yalipita Karatu bila kusimama, isipokuwa gari lilipoharibika. Wageni walilala juu ukingoni, ambako hoteli ya kwanza ilijengwa mwaka 1934 na nyingine zikafuata kadiri miaka ilivyokwenda. Watoto wa Karatu waliyajua magari hayo kwa rangi na kwa mlio wa injini, lakini hawakuwahi kuzungumza na mtu aliyekuwa ndani. Mama aliyekaanga maandazi kando ya barabara aliwauzia wapiga debe na wenye malori. Utajiri wa wilaya jirani ulipita mbele ya meza yake kila asubuhi, na hakuna siku uliyomwongezea hata mteja mmoja.

Lami ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani, na katika muda mfupi mji ukageuka. Dereva aliweza kutoka Arusha asubuhi na kuwa getini kabla ya saa sita mchana. Wageni wakaanza kulala Karatu, kwa sababu vitanda vilikuwa nafuu kuliko vya ukingoni na kreta ilifikika alfajiri. Zikaota kambi, hoteli, gereji, maduka ya spea na mama lishe wa kuwahudumia madereva. Hata hivyo Karatu ilibaki mahali pa kulala tu. Mgeni aliamka gizani, akapewa chakula kwenye boksi, akaondoka. Hakikuwapo kitu cha kumfanya abaki mchana kutwa, na bila mchana mji hupata sehemu ndogo sana ya fedha ya mgeni.

Kitu kimoja kilimsimamisha mgeni bila kujengwa na yeyote, nacho ni mnada wa tarehe 7. Siku hiyo uwanja wa mnada hujaa kabla jua halijapanda. Ng'ombe hufikishwa kwa miguu, mbuzi huchinjwa na kubanikwa papo hapo, mitumba humwagwa juu ya maturubai, magunia ya vitunguu hushushwa kutoka malori ya Mang'ola, na wanawake wa Kidatoga hupita na bangili zao za shaba zilizofika karibu na kiwiko. Mwandishi, akiwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi, alitumwa na baba yake kwa fundi wa katambuga, mzee aliyekata matairi kwa kisu kifupi na kumpima mteja mguu kwa kumkanyagisha juu ya mpira wenyewe. Alipoulizwa kwa nini hahamii mjini penye maduka, alijibu huku akiendelea kukata: "Mwanangu, mimi nakaa njia zinapokutana." Uwanja ule ni tambarare, mifugo hupata maji, na mtu wa Eyasi, wa Mbulu, wa Rhotia na wa juu getini wote huufikia bila kuvuka shamba la mtu. Watalii waliposikia habari zake walianza kuja wenyewe, na hakuna aliyewajengea jukwaa. Kwa anayetafuta eneo la kivutio kipya, mnada una manufaa kuliko ramani nyingi, kwa kuwa unaonyesha watu wa mahali wamezoea kukutana wapi na kwa nini.

Somo lililofuata lilikuwa na machungu. Baada ya kidato cha nne mwandishi alipata kibarua cha kumshikia mpimaji ardhi utepe na kubeba bikoni. Kazi mojawapo ilikuwa kwenye kijiji kilicho chini kidogo ya msitu, ambako mwekezaji kutoka nje alitaka kilele cha kilima ajenge kambi ya kitalii yenye kijiji cha maonesho ya utamaduni. Sababu yake ilikuwa moja: mandhari. Kutoka pale, siku isiyo na ukungu, macho hufika hadi Ziwa Manyara. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inataka mkutano mkuu wa kijiji usikilizwe kabla ardhi ya kijiji haijatolewa, kwa hiyo watu walikusanyika kwenye darasa la shule ya msingi na mchoro ukabandikwa ubaoni.

Mzee mmoja wa Kiiraqw alinyanyuka na fimbo yake akasogea hadi ubaoni. Mpimaji, kijana wa mjini, akamwamkia: "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nionyeshe kwenye karatasi hii ng'ombe wanapita wapi kwenda kunywa maji."

Mchoro ulikuwa na mistari ya miinuko, mipaka na vipimo vyote, ila njia ya ng'ombe haikuwamo. Mama mmoja aliyekaa nyuma akauliza swali la pili: maji machafu ya vyoo vya wageni yatateremkia wapi, ikizingatiwa kwamba chemchemi iko chini ya kilima? Mwenyekiti aliahidi kwamba yote mawili yatashughulikiwa, na muhtasari ukasainiwa. Kambi ikajengwa. Maji hayakupanda kilimani, kwa hiyo boza lilipeleka kila siku, na kiangazi kilipokaza, boza hilo hilo lilijaza kwenye bomba la kijiji wakati ndoo za akina mama zimepangwa foleni. Njia ya ng'ombe ilizungushiwa uzio. Kutoka hapo ugomvi haukukoma, walinzi wakaongezwa, na wageni waliokuja kuona utamaduni wa kijiji wakawa wanaingia kwa lango ambalo wanakijiji walilipita kwa kinyongo. Miaka michache baadaye mahali pale paliuzwa kwa mtu mwingine. Mandhari bado ni nzuri mno, na hilo ndilo linalohuzunisha, maana maswali yote mawili yangeweza kujibiwa kwa kuteremsha jengo mita mia chache tu.

Chuoni, mwandishi alipokuwa akisomea utalii, suala hili lilifundishwa kwa mfano wa mbali. Mwaka 1953 Walt Disney aliwapa watafiti wakiongozwa na Harrison Price kazi ya kumtafutia eneo la bustani yake ya kwanza kusini mwa California. Hawakuanza na mandhari. Waliangalia watu walikuwa wakihamia upande gani, barabara kuu mpya ingepita wapi, hali ya hewa ikoje na ardhi inauzwaje. Jibu likawa Anaheim, kwenye mashamba ya michungwa ya hekta zipatazo 65, na Disneyland ikafunguliwa Julai 1955. Lakini ardhi ya kuizunguka haikununuliwa, na kwa muda mfupi ikajaa hoteli na mabango ya watu wengine. Kwa hiyo katikati ya miaka ya 1960, Disney alipokwenda Florida, alinunua kimyakimya, kwa kupitia kampuni zilizoficha jina lake, eneo la zaidi ya hekta 10,000.

Nusu ya kwanza ya kisa hicho inafaa Karatu. Nusu ya pili haifai kabisa. Ardhi inayouzunguka mji huu ni vishamba vya familia, vilivyogawanywa kwa watoto na wajukuu, na makaburi ya wazazi yamo humo. Kuinunua kwa siri ni kuwapokonya watu msingi wa maisha yao. Kinachoweza kufanya kazi ambayo Disney aliifanya kwa fedha na usiri ni mpango wa matumizi bora ya ardhi uliopitishwa na kijiji chenyewe, unaosema mapema hoteli zikae wapi, mashamba yabaki wapi na barabara ya kivutio isigeuzwe kuwa msururu wa vibanda usio na mpangilio. Mpango kama huo ukichelewa hata miaka miwili baada ya tangazo la mradi, madalali wanakuwa wameshamaliza kazi.

Baadaye mwandishi aliongoza wageni upande wa juu wa geti. Asubuhi za Julai ukingoni huwa na ukungu mzito kiasi kwamba mgeni aliyelipia chumba chenye dirisha la kuitazama kreta huona weupe mtupu hadi saa nne. Nyuma ya hoteli kuna upande ambao picha za matangazo haziuonyeshi: jenereta, matangi, mabomba yanayovuta maji kutoka msituni, nyumba za wafanyakazi, shimo la majivu, lori la taka linalopaswa kuteremka hadi nje ya hifadhi. Kila kitanda kinachoongezwa juu kina mzigo wake wa namna hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 2000 lilikuwapo pendekezo la kujenga hoteli nyingine kubwa kwenye ukingo, na Kamati ya Urithi wa Dunia ikaonyesha wasiwasi wake. Haikujengwa, na ilikuwa heri.

Makosa ya kuuchukua uzuri wa mahali kuwa ruhusa ya kujenga ni ya zamani zaidi ya hoteli. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ndugu wawili Wajerumani wa ukoo wa Siedentopf walianzisha mashamba kwenye sakafu ya kreta yenyewe. Vita viliwaondoa, kreta ikabaki, na magofu ya nyumba yao yangaliko.

Mahali palipomfunza mwandishi zaidi ya pote ni Laetoli, kilomita zipatazo 45 kusini mwa Olduvai. Mwaka 1978 kikosi cha mtafiti Mary Leakey kilikuta hapo nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, miaka milioni 3.66 iliyopita. Mstari wa nyayo hizo una urefu wa mita zipatazo 27. Mwaka 1979 ulifukiwa ili uhifadhiwe, lakini mbegu za migunga ziliota kwenye udongo wa kufukia, mizizi ikaanza kutishia nyayo, na katikati ya miaka ya 1990 wataalamu walilazimika kuufukua, kuing'oa miti na kuufukia upya kwa uangalifu zaidi, safari hii wakiweka mawe ya volkano juu yake.

Mwandishi alifika hapo na kundi la wanafunzi wa sekondari. Walikuwa wametoka Karatu usiku, wamechoka kwa vumbi, na kitu walichoonyeshwa ni rundo la mawe meusi kwenye nyasi. Binti mmoja akauliza, "Nyayo zenyewe ziko wapi?" Mwenyeji wao akamjibu kwa upole, "Ziko hapo chini ya mawe, dada. Hatuzifunui." Alichora kwa kijiti kwenye vumbi jinsi nyayo zilivyopangana, kubwa na ndogo, na kwa dakika chache wanafunzi walichuchumaa kukizunguka kijiti kile kwa makini kuliko walivyoyatazama mawe. Nakala ya nyayo hizo waliiona jioni, kwenye makumbusho ya Olduvai.

Wazo la kujenga makumbusho palepale Laetoli, ili nyayo zifunuliwe kwa wageni, lilianza kufanyiwa kazi na Serikali. Kabla ya kujenga chochote, watafiti wakiwemo Profesa Fidelis Masao na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichimba mashimo ya majaribio kwenye eneo lililopendekezwa, kupima ujenzi huo ungeathiri nini. Ndani ya mashimo hayo, mita zipatazo 150 kusini mwa nyayo za mwanzo, wakakuta nyayo nyingine, za watu wawili wa kale, zilizo kwenye tabaka lile lile la majivu. Matokeo yalichapishwa Desemba 2016. Yaani jengo la kuwaonyesha wageni nyayo lingeweza kusimamishwa juu ya nyayo ambazo hakuna aliyejua kwamba zipo.

Katika ukanda huu wote hakuna hoja nzito kuliko hiyo kuhusu kuchagua eneo. Tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka, huchukuliwa na wengi kama karatasi ya kukamilisha faili. Laetoli ilithibitisha kwamba ni uchimbaji wa kweli, wenye uwezo wa kupata hazina au kuiangamiza isipofanywa. Inaonyesha pia kwamba kitu chenyewe na mahali pa kukieleza si lazima viwe pamoja. Makumbusho mapya ya Olduvai, yaliyofunguliwa mwaka 2017, na sanamu za mafuvu makubwa zilizosimamishwa mwaka 2019 kwenye njia panda ya kwenda huko, zimefuata mkondo huo: mgeni anafika, anaelewa, na machimbo yanaachwa yapumzike.

Lipo jambo lingine ambalo mtu wa Karatu hawezi kulipita. Eneo likiitwa la kitalii, kuna wanaoambiwa wapishe. Wafugaji waliondolewa kwenye sakafu ya kreta miaka ya 1970. Tangu Juni 2022 familia nyingi za Kimasai zimehamia Msomera, wilayani Handeni. Serikali imesema kuhama huko ni kwa hiari. Wakazi wengi na mashirika ya haki za binadamu wamepinga maelezo hayo. Mwandishi aliwaaga majirani wa kazini waliokuwa na boma karibu na Endulen, wakiwa wamefunga magodoro juu ya lori na mbuzi wachache nyuma. Mradi wowote mpya juu ya geti, hata uwe mdogo, utaingia ndani ya jeraha hilo, na watu walioondolewa wataona jengo la wageni limepata nafasi ambayo nyumba zao hazikuipata.

Kwa sababu hizi zote Karatu ndiyo mahali sahihi pa makumbusho na pa kivutio chochote kikubwa kitakachofuata. Barabara ipo. Mfanyakazi anaweza kurudi nyumbani jioni kwa miguu au kwa bodaboda badala ya kulala kwenye banda la watumishi juu kwenye baridi. Mwanafunzi wa Endabash au Rhotia atafika bila kulipia kiingilio cha hifadhi, akaona nakala ya nyayo za Laetoli na mfano wa Oldoinyo Lengai, volkano yenye lava ya kaboneti isiyopatikana leo kwenye mlima mwingine hai duniani. Mgeni naye atapata sababu ya kubaki mjini mchana.

Lakini mji sahihi haumaanishi kwamba kila kiwanja ndani yake kinafaa. Mashariki ya wilaya, eneo la Upper Kitete kuelekea Selela, wilayani Monduli, ni mapito ya tembo kati ya msitu wa Ngorongoro na Hifadhi ya Manyara, na uzio wowote hapo utahamishia tembo kwenye mahindi ya watu. Miteremko iliyo juu ya mji ni ya udongo mwekundu unaochukuliwa na mvua. Ikilimwa au kujengwa ovyo, makorongo hufunguka kwa msimu mmoja. Juu ya yote kuna maji. Kata nyingi za Karatu hupangiwa mgao wakati wa kiangazi, na bwawa la kuogelea la wageni hujazwa kutoka msitu ule ule unaomnywesha bibi wa Gongali au Tloma. Kivutio kipya kinapaswa kuja na chanzo chake cha maji, matangi ya kuvuna mvua na mtambo wa kusafisha majitaka, tena vikiwa vimekamilika kabla ya ukuta wa kwanza kuinuliwa.

Halmashauri ya Karatu na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro zinaombwa basi zifanye jambo moja kwa kila mradi unaopendekezwa: zibandike ramani yake kwenye mkutano mkuu wa kila kijiji kinachohusika, kwa Kiswahili, ikiwa imechorwa njia za ng'ombe, mapito ya wanyama, chemchemi na makaburi, na zisitie saini hadi wazee na akina mama wa kijiji hicho wameulizwa ni kitu gani kimesahaulika humo.